Kadi Iliyoandikwa Mara Mbili

Fundi huyu watu walimwita Zamani, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Lilitoka kwa fundi cherehani wa chumba cha jirani, mama mmoja asiyeweza kukaa na neno mdomoni, siku alipomwona akipanda ngazi huku amekumbatia skrini ya kizamani, ile yenye kisogo kirefu, jasho linamchuruzika. "Wenzio wamehamia kwenye simu, wewe bado unabeba majokofu," alimwambia. Korido nzima ikacheka, na kuanzia siku hiyo akawa Zamani. Hakukasirika. Mtu akikupa jina la utani, angalau amekutazama.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya pili, na dirisha lake moja lilitazama ukuta wa jengo lingine. Ndani mlikuwa na meza ndefu, viti viwili ambavyo kimoja hakikuwa na mtu wa kukikalia, na rafu zilizojaa maboksi ya kompyuta yaliyovuliwa ubavu mmoja. Kadi za picha, yaani vile vibao vinavyoipa skrini kitu cha kuonyesha, alizifunga moja moja kwenye karatasi ya kaki na kuandika juu kwa kalamu: nzima, mgonjwa, sijui. Za sijui ndizo zilizokuwa nyingi.

Niseme ukweli kabla sijaanza kumsema vibaya: kazi alikuwa anaijua. Ile mifumo ya zamani ya kompyuta, ambayo vijana wa leo wakiiona wanacheka, alikuwa nayo yote kichwani. Mtu angempigia simu kutoka popote, skrini imekuwa nyeusi tii, naye angemwongoza kwa kuhesabu vitufe tu. Mshale wa chini mara tatu. Enta. Ngoja. Sasa mshale wa kulia. Hakuhitaji kuona. Tabu ni kwamba wenye mashine hizo walikuwa wanapungua kila mwaka, na simu zikapungua nao. Kuna siku alifungua mlango, akafagia, akakaa, akafunga mlango, na neno pekee alilolitamka tangu asubuhi ni "salama," alipoamkiwa na fundi cherehani.

Mkewe alikuwa amekwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua. Alisema miezi mitatu. Mtoto huyo sasa alikuwa anakimbia, mdogo wake alishazaliwa, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Hawakugombana wala hakuna aliyemwacha mwenzake. Kila Ijumaa mke alipiga simu, akauliza kama amekula, kama ule mguu umeacha kuuma, kisha mtoto analia huko na simu inakatwa. Zamani alikuwa mpweke, lakini ungemuuliza angekujibu kwamba ana kazi nyingi.

Ndipo ikaja simu ya mkunga.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Mpigaji alikuwa mwanamke wa miaka sabini na moja, mkunga mstaafu, anaishi mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Alipostaafu, zahanati ilimpa kompyuta yake kuukuu badala ya kuitupa, na ubavuni mwa boksi kulikuwa na kibandiko ambacho Zamani mwenyewe alikibandika miaka kumi na mitano iliyopita: Ukikwama, piga. Akakwama, akapiga.

"Haloo, huyo ndiye fundi wa kwenye kibandiko?"

Zamani alisimama, sijui kwa nini. "Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe bado upo! Namba imefifia, nimepigia watu watatu kabla yako. Mmoja kanitukana."

"Pole sana, mama. Mashine inasumbua nini?"

"Nimeiwasha, ikaonyesha nembo yake vizuri, halafu giza. Inanguruma, taa yake inawaka, lakini kuonyesha haionyeshi."

Akamwelekeza aichomoe, aiwashe upya, na kabla nembo haijatokea abonyeze kitufe cha F nane, bonyeza bonyeza bila kuchoka. Mashine ikaamka katika hali salama. Humo mfumo unajiwasha na vitu vya lazima tu: rangi kumi na sita, herufi kubwa, hakuna mapambo. Mkunga akacheka. "Hee! Herufi hizi ni za watoto wa chekechea." Akafungua orodha ya vifaa, akasoma polepole kila mstari kama mtu anayesoma cheti cha daktari, mpaka akafika penye kadi ya picha.

"Hapa jina limeandikwa mara mbili, fundi. Jina lile lile. Hiyo si ndiyo shida?"

Ndiyo hiyo. Mwanamke huyu hakuwahi kusomea kompyuta hata siku moja, naye aliweka kidole palepale penye ugonjwa. Ndani ya boksi mlikuwa na kadi moja tu, lakini mashine ilikuwa imeiandika mara mbili, na kila ilipowashwa baada ya kulala muda mrefu ilituma picha kwa ile isiyokuwepo. Dawa yake ni kufuta majina yote mawili, kuiwasha upya, kuiacha iitambue kadi yenyewe, kisha kuipa draiva, ile programu ndogo inayoifundisha mashine kuitumia kadi. Kazi ya robo saa. Lakini draiva hukaa kwenye sidii, na bila sidii mama wa watu angebaki na herufi za chekechea.

"Una sidii iliyokuja na kadi, mama?"

"Sidii gani tena?"

"Basi iache hivyo hivyo. Zima vizuri, washa tena, itakubali."

Ikakubali. Na siku hiyo, naapa, Zamani hakunyamaza kwa hila. Aliogopa kumharibia mtu mashine kwa simu, kama fundi yeyote mwenye akili angeogopa.

Jumatatu iliyofuata, saa nne, simu ikalia tena. Mkunga alikuwa na desturi yake: kompyuta aliiacha inawaka wiki nzima, akaizima Jumamosi jioni ili Jumapili ipumzike, maana yeye aliamini kila kinachofanya kazi kinastahili siku moja ya kulala. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi mashine iliamka gizani. Zamani angemwambia tu asiizime, yangeisha. Hakumwambia. Na kwa kuwa mkunga alishachomoa waya kabla ya kupiga, mfumo ukiamka ulianza kwanza kukagua diski yake yote, mstari mmoja mmoja, dakika arobaini. Katika dakika hizo hakuna la kufanya ila kungoja. Wakawa wanaongea.

Jumatatu ya tatu mkunga alisema kwa furaha, "Ile sidii nimeipata! Ilikuwa ndani ya bahasha, chini ya kitabu cha maelekezo."

Zamani alijua sasa ile kazi ya robo saa inawezekana. "Iweke mahali pakavu, mama. Tutaihitaji baadaye."

Hapo sasa simtetei. Hapo alijua anachokifanya, akakifanya.

Waliongea nini? Kila kitu. Mkunga alimsimulia mwanamke aliyecheka mwanzo wa uchungu mpaka mwisho, hata wauguzi wakadhani amerukwa na akili, na mtoto akatoka amenuna. Alimsimulia baba aliyeambiwa alete maji ya moto akaleta birika lenye chai. Zamani naye, ambaye fundi cherehani alimwita bubu, alijikuta anasema mambo ambayo hata mkewe hakuwahi kuyasikia. Alisema siku hizi anapika sufuria moja na kuila siku nne. Alisema wakati mwingine anawasha redio si kwa ajili ya habari, bali ili chumba kisikae kimya. Mkunga akamkaripia kwa ile sufuria, akamwambia chakula cha siku nne ni cha mtu aliyejisusa. Zamani alifurahi kukaripiwa. Ikafika mahali Jumapili jioni ananyoa ndevu. Mtu mzima, anajinyolea simu!

Na mkunga alimweleza pia kwa nini anaihitaji kompyuta. Alikuwa na madaftari kumi na moja. Kwa miaka yote ya kazi yake, kila mtoto aliyempokea alimwandika: jina la mama, tarehe, saa, uzito, na neno moja au mawili ya kumkumbukia. Vitabu rasmi vya zahanati vililoana paa lilipovuja, vikaota ukungu, vikatupwa. Tangu hapo watu wazima wenye ndevu walikuwa wanabisha hodi kwake, wanamwomba awatafutie siku waliyozaliwa, kwa sababu bila tarehe hawapati cheti, na bila cheti hawapati lolote. Lakini mwandiko wake ulikuwa wa haraka, wa mtu anayeandika kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika mtoto, umejaa vifupisho alivyovitunga mwenyewe. Mdogo wake alijaribu kuusoma, akashindwa ukurasa wa kwanza. Duniani alikuwepo msomaji mmoja tu wa madaftari yale, na alikuwa anayachapa mwenyewe, kidole kwa kidole, ukurasa mmoja na nusu kwa siku.

"Isipokuwa Jumatatu," alisema akicheka. "Jumatatu ni ya fundi. Nikimalizana nawe kichwa kimechoka, sishiki tena daftari."

Zamani aliisikia sentensi hiyo, na aliielewa. Kila wiki alijiambia kwamba wiki ijayo atasema. Wiki ijayo ikawa mwezi, ukawa mwaka na miezi miwili.

Jumatatu ya sitini na moja walikuwa wanangoja mashine imalize kujikagua, kama kawaida, mkunga akauliza swali la kitaalamu.

"Fundi, hivi skrini inaweza kuingia giza pembeni tu, katikati ikawa safi?"

Zamani akakaa sawa, swali kama hilo ndilo chakula chake. Akauliza kama giza liko pande zote. Ndiyo. Kama linahama akigeuza skrini. Halihami, mkunga alisema, ila linahama akigeuza kichwa.

"Ukigeuza kichwa?"

"Nilitaka kuhakikisha tu si mashine," mkunga alisema. Kicheko chake safari hii kilikuwa kidogo. "Daktari wa macho ameniambia ni mimi. Presha ya macho. Pembeni kumeshaziba, na kunakuja katikati. Dawa wamenipa, lakini amesema kilichoondoka hakirudi, na kilichobaki kina miezi. Nikasema ngoja nimuulize fundi wangu, labda yeye ataniambia ni kadi."

Zamani aliikandamiza simu sikioni. Alishika ukingo wa meza.

"Umebakiza madaftari mangapi, mama?"

"Mawili, kasoro kurasa kidogo. Mia moja na sabini hivi. Usijali, nitakimbizana nayo."

Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani mwake, wala hakuitaka. Jumatatu sitini, ukurasa mmoja na nusu kila moja. Kurasa tisini. Karibu daftari zima la watoto wa watu, naye alikuwa amelila kwa kupiga soga. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, chumbani peke yake, mlango umefungwa.

"Mama," alisema. "Ile sidii iko karibu?"

"Ipo. Si ulisema tutaihitaji baadaye?"

"Leo ndiyo baadaye. Imekwisha kujikagua? Haya, fungua orodha ya vifaa. Bofya lile jina la kwanza la kadi. Sasa futa."

"Nimefuta."

"Na la pili, futa."

"Yote mawili? Si nitabaki sina kitu?"

"Utabaki na herufi kubwa kwa dakika chache. Niamini." Neno hilo la mwisho lilimtoka kwa shida.

Mashine ikajiwasha upya, ikaiona kadi yake, ikaomba sidii, ikapewa. Ikajiwasha tena, na rangi zikarudi zote. Zamani hakuridhika. Akamwambia aizime kabisa, achomoe waya, waiache ipoe nusu saa. Katika nusu saa hiyo mkunga alijaribu kumpa kisa cha mapacha, lakini Zamani aliitikia tu "mh," "mh," mpaka kisa kikafia njiani. Wakaiwasha. Iliamka bila giza, bila F nane, bila fundi.

"Kadi imeandikwa mara moja," mkunga alisema. Kisha akaita, "Fundi."

"Naam, mama."

"Hii si ndiyo niliyokuuliza siku ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Nikakwambia limeandikwa mara mbili. Nikakuuliza kama siyo shida."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa hujui?"

Alimfungulia mlango mkubwa wa kutokea. Angesema hakujua, nani angebisha? Fundi gani anajua kila kitu? Zamani hakuupitia.

"Nilikuwa najua. Tangu siku ile ile."

Kule upande wa pili akasikia ndoo inawekwa chini, na mlango wa mtu unafungwa. Kisha sauti ya mkunga, taratibu. "Nimemsifia mdogo wangu kwamba nina fundi mvumilivu kuliko wote. Kwa nini sasa?"

"Hapa siongei na mtu, mama. Niliona ikipona hutapiga tena."

"Ungeniambia tu," mkunga alisema. "Ningepiga."

Zamani alingoja amtukane, kama yule mtu wa namba isiyo sahihi. Hakumtukana. Alisema asante kwa kazi, akakata.

Wiki ile haikwisha. Ijumaa mkewe alipopiga na kuuliza kama amekula, Zamani alitaka kumwambia rudi nyumbani, nimeharibika hapa peke yangu, lakini mtoto akalia na yeye akasema "nimekula." Jumapili hakunyoa. Jumatatu saa nne ilifika, ikapita. Fundi cherehani alichungulia mlangoni na sindano mdomoni. "Leo mchumba hajapiga?" Alipouona uso wake, akaondoa sindano, akarudi chumbani kwake bila neno, jambo ambalo korido haikuwahi kulishuhudia.

Saa tano na nusu Zamani alipiga mwenyewe. Katika muda wote ule hakuwahi kumpigia mkunga hata mara moja. Siku zote alingoja kupigiwa.

"Haloo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine ni nzima." Nyuma ya sauti yake vitufe vilikuwa vinalia, kimoja kimoja.

"Najua. Sikupiga kwa ajili ya mashine. Nimepiga kukuomba radhi. Na nimefikiri, mama, naweza kupanda basi nikaja. Wewe usome, mimi nichape. Nachapa haraka."

Vitufe vikanyamaza. Zamani alikuwa ameshatoa begi uvunguni mwa meza, tena alikuwa ameshaweka shati.

"Hapana, fundi," mkunga alisema. "Ukija tutaongea. Najijua, na wewe nakujua. Na mimi siku za kuongea nimezimaliza."

"Sitaongea, mama. Wallahi sitafungua mdomo."

"Nitafungua mimi." Akavuta pumzi. "Radhi nimekupa. Sina nafasi ya kukaa na kinyongo, nina kurasa mia moja sitini na moja. Lakini usinipigie. Nikisikia simu nitainuka, nikiinuka nitapoteza mstari, na mstari siku hizi naupata kwa tabu."

"Basi tutaongea lini?"

"Nitapiga mimi vikiisha."

"Kurasa?"

"Kurasa au macho," mkunga alisema. "Kitakachotangulia."

Vitufe vikaanza tena kabla simu haijakatika.

Zamani hakuhitaji kalamu. Kurasa mia moja sitini na moja, sasa na Jumatatu zikiwemo, ni miezi minne na siku chache. Simu ikilia baada ya hapo, mkunga amemaliza. Ikilia kabla, macho yamezima. Aliiweka simu mezani, akaitazama, na mtu huyu aliyeishi kwa kusubiri simu ilie akaanza kuomba isilie. Asubuhi alipofungua mlango aliomba. Alipokwenda kuchota maji aliiacha mezani kusudi, kisha akarudi mbio, akaangalia, akashukuru kukuta hakuna kitu. Mguu wake ulikuwa umevimba tena na hakumwambia mtu.

Wiki ya tatu, Jumatatu, saa nne asubuhi, simu ikalia. Namba hakuijua, na mkunga alikuwa na mdogo wake, angeweza kupiga kwa simu ya mdogo wake. Aliiacha ilie mpaka ikakaribia kukatika. Kisha akaipokea kwa mikono miwili.

Alikuwa mwanamume mmoja, sauti ya sokoni, anauliza kama hapo wanauza chaja za simu.

"Hapana, ndugu yangu, hatuuzi," Zamani alisema. "Asante. Asante sana. Asante kwa kupiga, Mungu akubariki," na akaendelea kumshukuru hivyo hivyo mpaka yule mtu akaogopa, akakata.